Dakika tano, slaidi zinazojisukuma, onyesho au ubao mtupu: mkutano wenu wa wasanidi programu uendeshwe kwa mtindo gani?

Ukumbi umepatikana, tarehe imetangazwa, na watu wapatao arobaini wamethibitisha kuwa watakuja. Limebaki jambo ambalo waandaaji wengi huliacha hadi mwisho: watu hao watazungumza kwa utaratibu gani? Mmoja anataka mada za dakika tano tano. Mwingine aliwahi kuona slaidi zikijisukuma zenyewe na hajazisahau. Wa tatu anasema slaidi zikatazwe kabisa, kila msemaji aonyeshe kitu kinachofanya kazi. Wa nne anauliza ratiba ya nini, si watu wakifika wataamua wenyewe?

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Nimesikiliza nikiwa nyuma ukumbini, nimesimama mbele, na nimekuwa mshika saa. Ninachokiamini baada ya yote hayo ni kwamba mtindo mnaouchagua ndio unaoamua nani atathubutu kuinuka kwenye kiti chake. Kwa hiyo nawaandikia zaidi waandaaji waliokwama, ingawa msemaji anayejiuliza aombe nafasi wapi naye atapata lake humu.

Vigezo kwanza

Nimeipima mitindo yote minne kwa mambo matano. La kwanza ni ujasiri anaohitaji mtu anayesimama kwa mara ya kwanza. Nimeliweka mbele kwa makusudi, kwa sababu kikundi kinachowasikia watu walewale watatu kila mwezi kinageuka darasa lao, na wengine huanza kutoroka kimyakimya. La pili ni muda wa maandalizi wa msemaji. La tatu ni kazi ya waandaaji, kabla ya siku na siku yenyewe. La nne ni kile ambacho hadhira inaondoka nacho. La tano ni namna mambo yanavyoharibika, maana kila mtindo una ugonjwa wake na ni heri kuujua mapema.

Mitindo yenyewe

*Mada za dakika tano.* Msemaji anapewa dakika tano, atumie slaidi au asitumie, na muda ukiisha anashuka, mwingine anapanda. Jina la Kiingereza la mada hizi limetokana na radi, na lilishika katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya Perl, YAPC, uliofanyika Pittsburgh mwaka 2000, ambako Mark Jason Dominus ndiye aliyesimamia kipindi hicho. Leo ni vigumu kupata mkutano mkubwa wa lugha yoyote ya programu usio na kipindi cha namna hii.

*Slaidi zinazojisukuma.* Hapa msemaji hana kitufe mkononi. Kuna kanuni mbili zinazojulikana sana. PechaKucha ilianzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham: slaidi 20, kila moja sekunde 20, jumla dakika 6 na sekunde 40. Ignite ilianzia Seattle mwaka 2006 na inabana zaidi: slaidi 20 kwa sekunde 15 kila moja, dakika 5 kamili.

*Onyesho.* Slaidi hakuna. Msemaji anaunganisha laptopu yake, anafungua programu aliyoitengeneza au anaandika msimbo watu wakiona. Dakika 7 hadi 10 humtosha.

*Ubao mtupu.* Watu wanafika hakuna ratiba. Kuna ubao wenye mistari ya saa na vyumba, na kila mwenye jambo anabandika karatasi yake. Kwa wasanidi programu mtindo huu unafahamika kwa jina la BarCamp, ya kwanza ikiwa Palo Alto, California, Agosti 2005. Ilikuwa jibu la wazi kwa Foo Camp, mkusanyiko uliohudhuriwa kwa mwaliko tu. Na jina lenyewe ni mchezo wa watengenezaji programu, kwa kuwa foo na bar ni majina ya kubuni wanayotumia wakihitaji jina lolote la mfano. Wazo la kukutana bila ratiba ni la zamani zaidi. Harrison Owen aliliendesha tangu 1985 akiliita Open Space, na kwake ndiko ilikotoka sheria ya miguu miwili: ukiona hapo ulipo hujifunzi wala huchangii, inuka uende penginepo.

Anayesimama kwa mara ya kwanza

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Msemaji mpya anajulikana kwa sauti inayotetemeka, kwa kusoma slaidi neno kwa neno, kwa kuomba radhi kabla hajakosea. Katika foleni ya mada za dakika tano kamba hiyo haionekani sana, kwa sababu aliyemtangulia naye alikuwa mgeni na anayemfuata huenda akawa mgeni vilevile. Akikwama, zimepotea dakika tano tu na hakuna anayezihesabu. Pia hahitaji kuwa bingwa wa lolote. Hitilafu moja iliyomnyima usingizi wiki nzima inamtosha, ilimradi aseme aliipata wapi na aliitatua vipi.

Slaidi zinazojisukuma zinatisha, na hofu hiyo ina sababu. Ulimi ukiteleza kwa sekunde kumi, picha imeshapita, na msemaji mpya anabaki kuikimbiza hadi mwisho. Anayezungumza kwa lugha isiyo yake ya kwanza anaumia zaidi, maana hana nafasi ya kutulia na kulitafuta neno. Hata hivyo nimeona mtindo huu ukiwasaidia watu wa aina moja: wale wasiojua kufunga sentensi. Mashine inawafungia. Mtu anayeogopa kwamba atapotea njiani na kuzidisha muda anapata reli ya kupitia.

Onyesho linamfaa mwenye haya kuliko watu wanavyodhani. Macho ya ukumbi yako kwenye skrini, na vidole vyake vinafanya kazi vinayoifanya kila siku. Lakini likigoma, uchungu wake ni mkubwa kuliko slaidi iliyokwama, kwa kuwa kilichokataa mbele za watu ni kazi ya mikono yake.

Ubao mtupu unaahidi usawa kamili, na BarCamp ilikwenda mbali hadi kuwa na kanuni kwamba anayekuja mara ya kwanza lazima awasilishe, ingawa kanuni hiyohiyo inalainika papo hapo na kumruhusu atafute mwenzake wa kushirikiana naye. Kwa nilivyoona, ubao usiposimamiwa hujazwa na wazoefu ndani ya dakika kumi za mwanzo. Wageni husimama nyuma wakijiambia kwamba jambo lao si kubwa kiasi hicho. Ni lazima mwandaaji awafuate, awaulize wanahangaika na nini kazini, kisha awape kalamu.

Maandalizi ya msemaji

Dakika tano zinadanganya. Kukata ndiko kunakochukua muda, kuamua kwamba mambo manne kati ya matano uliyotaka kusema hayatasemwa. Jioni moja ya kutengeneza slaidi chache, kisha mazoezi matatu kwa sauti huku saa ikienda, humtosha mtu mwenye jambo moja. Mwenye mambo matatu hata wiki haimtoshi.

Ignite na PechaKucha ndizo nzito kupita zote. Sekunde 15 ni sentensi mbili, labda tatu fupi. Kila picha inahitaji maneno yanayoikaa sawasawa, na hilo halipatikani bila kurudia mazoezi mara nyingi. Asiye na muda wa kufanya hivyo asiombwe; kumwomba ni kumwonea.

Kwa onyesho, ikiwa kazi ipo tayari, maandalizi ni kusafisha njia: kuandaa data ya mfano isiyo ya wateja halisi, kukuza maandishi hadi mtu wa safu ya mwisho asome, kuzima arifa zote, na kurekodi video ya onyesho zima kama akiba. Kwa ubao mtupu swali zuri linatosha, na ndiyo raha yake. Unaweza kubandika "Tunahamaje kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine bila kuzima huduma?" ukiwa huna jibu hata moja, na watu wakaja.

Kazi ya waandaaji

Hesabu ya kwanza ambayo waandaaji wa mada za dakika tano hukosea ni hii: saa moja gawanya kwa tano ni kumi na mbili, basi wanaweka wasemaji kumi na wawili. Kubadilisha laptopu, kumtambulisha mtu na kupiga makofi hula kama dakika mbili kila mara. Dakika saba mara nane ni 56. Wekeni wanane. Mkikusanya slaidi zote mapema kwenye kompyuta moja, mnaweza kuongeza mmoja au wawili, si zaidi. Mnahitaji pia saa ambayo msemaji anaiona, na mshereheshaji asiyeona aibu kumkatisha mtu. Njia niipendayo ni kukubaliana na ukumbi mwanzoni kwamba muda ukiisha wote wanapiga makofi. Hakuna anayedhalilishwa kwa makofi. Na sheria imguse kila mtu, aliyeanzisha kikundi na anayelipia ukumbi wakiwemo. Siku ambayo mkubwa mmoja ataachiwa dakika kumi na mbili, foleni yote iliyobaki imevurugika na kila aliye nyuma yake anajua thamani yake.

Slaidi zinazojisukuma zinahamishia kazi yote kabla ya siku. Lazima mzipate siku kadhaa mbele, mziunganishe, na mjaribu moja moja kuhakikisha zinajisukuma kwa muda sahihi. Siku yenyewe mnapumzika: saa haivunjiki.

Onyesho ni kinyume chake. Kabla ya siku mna kazi ndogo, ila siku yenyewe mna adapta, kebo, projekta inayokataa laptopu fulani, na mtandao wa Wi-Fi uliolemewa na watu arobaini. Kila msemaji afike nusu saa kabla, aunganishe, aone picha yake kwenye skrini, kisha achomoe.

Ubao mtupu unawaokoa na wiki za kufuatilia wasemaji. Mnachohitaji ni pembe kadhaa za kukaa, karatasi, kalamu nene na mtu wa kueleza utaratibu kwa dakika kumi. Ukumbi wa viti vilivyofungwa sakafuni haufai kabisa, kwa sababu miguu miwili haina pa kwenda.

Hadhira inaondoka na nini

Hapa afadhali nichukue mada moja niipitishe kote. Tuseme mtu anataka kueleza git bisect, amri iliyomo ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Kazi ya amri hiyo ni kutafuta badiliko lililoingiza hitilafu: unaiambia Git ni toleo gani lilikuwa zima na lipi limeharibika, inakupeleka katikati, unajaribu, unajibu zima au bovu, nayo inakata nusu tena. Kati ya mabadiliko 1,000, hatua kama 10 zinatosha kumpata mkosaji.

Kwa dakika tano atasimulia kisa: hitilafu ilivyojitokeza, alivyokisia kwa siku mbili, alivyoipata kwa robo saa. Ukumbi unaondoka ukijua kwamba kifaa kipo na kinatatua tatizo gani. Matumizi watayasoma wenyewe nyumbani. Mada za dakika tano zinafanya hivyo vizuri sana, zinafungua milango minane kwa jioni moja.

Kwa slaidi zinazojisukuma mada hii inapendeza kuliko nilivyotarajia. 1,000, 500, 250, 125, na kuendelea: kila slaidi inakata nusu, na mdundo wa slaidi unakuwa ndio somo. Hadhira haitasahau wazo. Ila hakuna atakayekumbuka amri ya kuandika, na atakayepotea kwenye slaidi ya sita hawezi kurudishwa.

Kwa onyesho watu wanaona amri zenyewe, wanaona Git ikiruka katikati ya historia, wanaona jaribio likifeli na kisha likifaulu. Zaidi ya hayo wanaona makosa madogo ambayo slaidi huyaficha, kwa mfano kusahau kurudi pale ulipoanzia ukishamaliza. Msanidi programu anajifunza mengi kwa kutazama mikono ya mwenzake, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtindo mwingine katika hii minne unaolitoa kwa kiasi hicho.

Kwenye ubao mtupu watakuja watu saba na laptopu zao, na pengine mmoja ana hitilafu halisi inayomsumbua wiki hiyo. Wataitafuta pamoja. Hao saba watajua kuliko yeyote wa kumbi nyingine tatu. Waliokwenda pembe nyingine hawatajua kabisa.

Maswali yanafuata mkondo huohuo. Kwenye ubao ndiyo kiini cha yote, kwenye onyesho yanaingia katikati, na kwenye mitindo miwili ya kwanza hayana nafasi. Ndiyo maana jioni ya mada za dakika tano isiyo na mapumziko marefu ni jioni iliyokatwa nusu. Wapeni watu dakika ishirini za kumfuata aliyezungumza.

Yanapoharibika

Ugonjwa wa dakika tano ni matangazo. Nafasi ni fupi na rahisi kupata, basi mwenye bidhaa anakuja kuuza na mwenye nafasi za kazi anakuja kuajiri, na mkutano wa tatu hivi mnajikuta mna gulio. Dawa ni kusema kwenye tangazo lenyewe kwamba msemaji aeleze alichojifunza, na matangazo ya kazi yapewe sekunde thelathini mwishoni.

Slaidi zinazojisukuma huponzwa na mvuto wao wenyewe. Watu wanacheka, wanapiga makofi, na kesho ukiwauliza walijifunza nini wanakumbuka picha. Mtu mmoja mwenye kipaji cha jukwaa pia huwafanya kumi wajione hawafai.

Onyesho huuawa na mtandao, na kwa hilo msemaji asitegemee huduma yoyote iliyo nje ya laptopu yake. Kuna hatari nyingine isiyosemwa vya kutosha: funguo za siri na nywila zinazojitokeza kwenye skrini huku kuna anayerekodi. Ikitokea, funguo hizo zibadilishwe jioni hiyohiyo, bila kubishana kama kuna aliyeziona.

Ubao mtupu huharibiwa na sauti kubwa. Mtu mmoja anakaa katikati ya pembe na kuhutubia, na wengine wanaona haya kutumia miguu yao. Kila pembe iwe na mtu wa kugawa zamu.

Mkikutana mtandaoni

Mlinganisho unabadilika kidogo. Onyesho linapanda, kwa sababu kila mtazamaji ana maandishi mbele ya pua yake. Dakika tano zinabaki imara, na wenye mtandao dhaifu wanaweza kutuma video waliyorekodi. Ubao mtupu unashuka: kuhama chumba kwa kubofya hakuna wepesi wa kuhama kwa miguu, na wengi hubaki walipo.

Kulingana na hali yenu

Kama kikundi ni kipya na hamjui nani anajua nini, anzeni na dakika tano. Kwa jioni moja mtawajua watu wanane, na wanane hao ndio hazina yenu ya mwaka mzima.

Kama mna watu wanaojenga vitu lakini hawapendi kuhutubia, fanyeni maonyesho manne au matano, mkiwa na projekta mliyoijaribu. Kundi la wanafunzi walio katikati ya miradi yao linafaa sana hapa.

Kama mna tukio moja kubwa kwa mwaka, hadhira iliyochanganyika na wasio wasanidi, na miezi miwili ya kujiandaa, slaidi zinazojisukuma zitakipa kikundi sura nzuri. Chagueni wasemaji wachache, kaeni nao kwenye mazoezi. Kwa mkutano wa kila mwezi ni mzigo ambao sijaona kikundi kikiubeba kwa muda mrefu.

Kama mmeshazoeana na mada zimeanza kujirudia, ubao mtupu utatoa yale ambayo hakuna aliyefikiri kuyaombea nafasi. Tafuteni siku nzima au nusu siku; saa mbili za jioni hazitoshi watu kupasha moto na kutawanyika.

Na hamjaapishwa kubaki na mmoja. DevOpsDays, mikutano ya wasanidi programu na wasimamizi wa mifumo iliyoanzia Ghent, Ubelgiji, mwaka 2009, imezoeleka kwa kuchanganya: mada za kawaida asubuhi, Ignite kadhaa, kisha Open Space mchana. Kwa jioni ya kawaida mchanganyiko ninaoupenda ni mada tano za dakika tano, halafu viti vinageuzwa na kila msemaji anakaa pembe yake na waliovutiwa na jambo lake.

Kwa wewe unayetaka kuzungumza: kama jambo lako linasimulika, omba dakika tano. Kama ni lazima lionekane likitendeka, omba onyesho. Kama una picha nzuri na wiki mbili za mazoezi, jaribu Ignite. Kama una swali tu, nenda kwenye ubao na kalamu yako mapema, kabla wazoefu hawajaujaza.